Kibanja si kiwanja: kisa cha Mzee wa malori na ardhi ya Matugga

Mstari wa tatu wa karatasi ile ya mauzo ya ardhi, iliyoandikwa kwa Kiganda, ulikuwa na neno moja lililoandikwa kwa wino wa bluu, mwandiko wa mtu aliyetulia: kibanja. Mzee alikuwa ameisoma karatasi hiyo mara nyingi nyumbani kwake, na kila alipofika hapo alisoma kiwanja. Alipoiweka mezani kwangu alikuwa ameshalipa shilingi milioni 22 kati ya milioni 38. Wala hakuja kuomba ushauri.

"Mwanangu, niandikie barua fupi tu," alisema. "Kuna fundi cherehani amepanga chumba kwenye kiwanja changu. Nataka atoke mwisho wa mwezi, nianze kujenga."

Mimi ni karani katika ofisi ya wakili mjini Kampala. Kazi yangu kubwa ni kuwasomea karatasi za ardhi watu ambao Kiswahili ndicho lugha yao ya kazi: madereva, wafanyabiashara wa Kikuyu Kisenyi, Wakongo, Wanubi wa Bombo, watu wa West Nile. Mzee ni rafiki wa marehemu baba yangu. Waliendesha malori pamoja njia ya Mombasa, Malaba hadi Kampala, kisha miaka ya baadaye wakawa wanapanda Juba. Kwao Mzee ni Arua, huko West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kiganda anakijua cha sokoni na cha gereji, kinachotosha kununua spea na kuomba chai. Alipostaafu aliuza lori lake la mwisho, akataka eneo la kujenga vyumba vya kupangisha kando ya barabara ya Bombo, mbele kidogo ya Matugga. Kisa hiki naandika kwa ruhusa yake, na majina yote nimeyaacha.

Nianze kwa kumpa haki yake, kwa sababu watu wengi wakisikia habari kama hii husema mzee wa watu alikurupuka. Hakukurupuka. Alifanya kila kitu ambacho mtu mwenye busara angefanya Arua. Huko sehemu kubwa ya ardhi ni ya kimila, haina hati, na swali linaloamua mambo ni moja: ukoo unasemaje? Ukiwauliza wazee na majirani wa pande zote nne wakakubali kwamba fulani ana haki ya kukaa au kuuza, umefika mwisho wa uchunguzi. Basi naye Mzee alikwenda Matugga mara tatu. Mara ya pili alikwenda kwenye mvua makusudi, aone maji yanasimama wapi. Aliwauliza majirani wote. Wote wakamwambia eneo ni la yule kijana, alirithi kwa baba yake, na baba yake alikaa pale tangu wao wenyewe hawajazaliwa. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akagonga muhuri. Dalali naye akatoa fotokopi ya hati ya ardhi, yenye nembo na namba za bloku na ploti, akasema, "Hati ya mahali hapa ndiyo hii."

Yote hayo yalikuwa kweli. Majirani walisema kweli, mwenyekiti alisema kweli, na hata sentensi ya dalali, ukiichukua neno kwa neno, ilikuwa kweli. Hati ya mahali pale ilikuwa ndiyo ile. Ila haikuwa ya yule kijana.

Kiwanja, kwa msemaji wa Kiswahili, ni kipande cha ardhi kilichokatwa kwa ajili ya kujenga. Ukinunua kiwanja umenunua ardhi. Kibanja cha Waganda ni neno la damu moja na letu, linatofautiana kwa herufi moja, na ndiyo maana linatuponza. Mwenye kibanja ana haki ya kukaa na kulima juu ya ardhi ambayo hati yake iko kwa mtu mwingine. Nyumba ni yake, migomba ni yake, anaweza kuwarithisha watoto, na hafukuzwi hovyo. Lakini udongo wenyewe, kwa maandishi ya serikali, una mwenyewe mwingine. Kipande kimoja, wenyewe wawili, kila mmoja na haki inayolindwa na sheria.

Hali hii ina chimbuko lake. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba kwa Kabaka, jamaa zake, machifu na wakubwa wengine, na kutoka kwenye hiyo maili ndipo likazaliwa neno mailo. Ardhi iliyogawiwa haikuwa pori tupu. Wakulima walikuwa wanaishi juu yake, nao wakaamka asubuhi wakiwa wapangaji wa mtu mwenye karatasi. Mwaka 1928 ikatungwa sheria ya kuweka kikomo kwa kile ambacho mwenye mailo angeweza kuwadai: busuulu, yaani malipo ya ardhi ya kila mwaka, na envujjo, ambayo ni sehemu ya mazao. Mwaka 1975 serikali ya Idi Amin ikatangaza kwamba ardhi yote ni ya umma, mailo ikafutwa na busuulu pamoja nayo. Katiba ya 1995 ikairudisha mailo, ikiwa mojawapo ya aina nne za umiliki zinazotambuliwa Uganda, pamoja na umiliki wa kimila, umiliki huru ambao watu huuita friholdi, na lizi, yaani kukodi ardhi kwa miaka maalumu. Kisha Sheria ya Ardhi ya 1998 ikamtambua rasmi mtu wa kibanja, akiwemo yule aliyekaa kwenye ardhi miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba hiyo bila mwenye hati kumpinga.

Sasa turudi kwa Mzee. Nilimwambia, "Baba, hapa hapakuandikwa kiwanja." Akavaa miwani, akasogeza karatasi dirishani, akaiweka kidole juu. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea: "Na maneno mengine niliyoyasoma je?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa katika kisa hiki. Tuliipitia karatasi nzima, neno kwa neno, tukagundua kwamba Kiganda kilikuwa kimemwekea mitego kadhaa ya jamii ile ile. Karatasi ilisema muuzaji hana ekyapa. Yeye alielewa hakuna chapa, akadhani wanazungumzia muhuri, na muhuri wa LC1 si ulikuwepo? Ekyapa ni hati yenyewe ya ardhi. Karatasi ilitaja muzigo mmoja mbele, kando ya njia. Akadhani kuna mzigo wa matofali au mchanga unaouzwa pamoja na eneo, akafurahi. Muzigo ni chumba cha kupangisha, kile kile alichotaka kuvijenga vingi, na ndani yake ndimo alimokuwa yule fundi cherehani. Na mwisho kabisa ilisema kwamba mnunuzi atashughulikia kanzu. Mzee ni Mwislamu, ana kanzu tano. Aliniambia alidhani ni desturi ya kumvisha mwenyekiti siku ya kukabidhiana, na alikuwa ameshanunua moja, nyeupe, ya darizi shingoni. Kanzu katika habari za kibanja ni heshima inayopelekwa kwa mwenye mailo pale kibanja kinapobadilisha mikono. Zamani ilikuwa vazi kweli. Siku hizi ni fedha. Kwa maneno mengine, karatasi yenyewe ilikuwa imemwambia Mzee kwamba kuna mwenye ardhi juu ya muuzaji, na kwamba bado hajaonwa.

Tukaichukua ile fotokopi ya hati. Hapa nataka msomaji aangalie kwa makini, kwa sababu jambo lililotuonyesha ukweli halikuhitaji wakili. Kwenye hati kuna mahali pa ukubwa wa eneo. Palisomeka hekta 0.809. Mzee alinunua kile ambacho kila dalali wa Kampala hukiita hamsini kwa mia, futi 50 upana na futi 100 urefu. Hizo ni futi za mraba 5,000, kiasi cha desimali kumi na moja na nusu, kwa hesabu ya desimali 100 katika ekari moja. Kwa hekta ni kama 0.046. Hati ile ilikuwa ya ekari mbili nzima, eneo linaloweza kutoa vipande vya hamsini kwa mia zaidi ya 17. Ilikuwa hati mama. Na jina lililokuwa juu yake lilikuwa la mwanamke, wakati muuzaji ni kijana wa kiume.

Tukafanya utafutaji kwenye daftari la ardhi, katika ofisi ya kanda ya wizara inayohusika na Wakiso, wilaya ilimo Matugga. Unapeleka namba ya bloku na ya ploti, unalipa ada ndogo, unapata taarifa ya nani ameandikishwa na kama kuna deni la benki au zuio lolote juu ya hati. Matokeo yalikuwa safi: hakuna rehani, hakuna zuio, mwenye hati ni yule yule mwanamke. Ni jambo la siku chache. Lingefanywa kabla ya shilingi ya kwanza kutoka mfukoni, tungekuwa tunaandika mambo mengine leo.

Swali lililobaki ni hili: Mzee amenunua nini hasa? Na jibu, siku ile, lilikuwa la kutisha. Sheria ya Ardhi inamtaka mwenye kibanja anayetaka kuuza ampe kwanza mwenye hati nafasi ya kukinunua yeye, na mauzo hayasimami bila ridhaa yake. Marekebisho ya mwaka 2010 yaliongeza ukali: kuuza kibanja bila kumuuliza kwanza mwenye ardhi ni kosa la jinai, mauzo hayo ni batili, na haki ya kibanja inarudi kwa mwenye hati. Yaani kijana alikuwa katika hatari ya kupoteza urithi wa baba yake na Mzee milioni 22, kwa pamoja, kwa karatasi moja. Haki hii ya kuulizwa kwanza inakwenda pande zote mbili, maana mwenye hati naye akitaka kuuza sehemu yake anapaswa kuanza na mtu wa kibanja. Lakini nimeona watu wa kibanja wachache sana wanaoijua.

Mwenye hati tulimpata Wandegeya, mjane wa makamo ya uzeeni, Hajati, aliyerithi ardhi ile kutoka kwa baba yake. Tulikwenda mimi, Mzee na wakili. Mzee alitoa salamu, akasubiri aulizwe kwao, akaeleza. Hajati anakijua Kiswahili cha zamani, cha kambi ya Bombo, na hilo lilisaidia kuliko karatasi zetu zote. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mzee wangu, mimi huyu kijana sijamwona tangu tulipomzika baba yake. Hajaleta busuulu, hajaleta hata habari."

Hakuwa na kinyongo na Mzee. Alikuwa na kinyongo cha kupuuzwa, na nadhani alikuwa na haki. Busuulu siku hizi ni kiasi kidogo, kinachopangwa na bodi ya ardhi ya wilaya, hakimtajirishi mtu. Lakini ndiyo alama ya kwamba pande mbili zinatambuana. Mwenye kibanja asipoilipa anajiweka pabaya, kwa sababu kutolipa busuulu ndiyo sababu pekee ambayo mahakama inaweza kuikubali ili kumwondoa. Bila amri ya mahakama haondolewi hata kwa hilo.

Kijana alipoitwa alikuja na mfuko wa nailoni, na ndani yake risiti ya busuulu ya mwaka 1971 yenye jina la baba yake, karatasi nyembamba imekunjwa mara nne hadi mikunjo imetoboka. Hajati aliishika kwa ncha za vidole. Alilitambua jina la karani wa baba yake. Baada ya 1975 hakukuwa na risiti tena, na sasa unajua kwa nini. Karatasi ile ndogo ilimaliza ubishi wowote juu ya uhalali wa kibanja chenyewe. Familia ilikuwa pale kihalali. Kilichokosewa ni namna ya kuuza.

Halafu likaja ambalo hakuna aliyelitaja: mke wa kijana. Siku tuliyokwenda kupima eneo kwa futi alitoka nyuma ya nyumba ameshika jembe, akasimama kwenye mstari wa mimea ya mpakani, ile ya majani marefu inayofanana na masale ya Wachagga, akauliza tunapima nini. Hakujua kwamba shamba limeuzwa. Nusu ya nyuma ya ile hamsini kwa mia ilikuwa migomba yake na viazi vitamu, chakula cha watoto wanne. Sheria ya Ardhi ina kifungu kilichoandikwa kwa ajili ya mama kama huyu. Ardhi ambayo familia inakaa au inapata riziki yake haiuzwi, haikodishwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa iliyotolewa kabla. Haijalishi jina la nani liko kwenye karatasi. Ukinunua kwa baba bila mama kukubali, umenunua kesi.

Mzee alimwangalia yule mama, akaniambia kwa sauti ya chini twende tukae pembeni. Nilidhani amekasirika. Akasema, "Mimi nina wajukuu. Sitalala vizuri juu ya migomba ya mtu." Kuanzia hapo mazungumzo yalibadilika.

Na yule fundi cherehani? Alikuwa na mashine yake ya kukanyaga mlangoni, chumba kimoja, kodi shilingi 100,000 kwa mwezi. Mkataba wa maandishi hana. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 inataka maandishi pale thamani inapofikia shilingi 500,000, kwa hiyo alikuwa na wasiwasi kwamba hana haki yoyote. Anayo. Upangaji wa mdomo wa kiasi kile unatambulika, mpangaji hatolewi bila amri ya mahakama, na kodi haipandi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Chumba kikibadilisha mwenyewe, mpangaji anahamia kwa mwenye nyumba mpya pamoja na haki zake. Isitoshe, fundi alitoa daftari la mauzo ya nguo, na kwenye jalada la nyuma palikuwa na saini ya kijana: alikuwa ameshalipa miezi sita mbele. Laki sita za kodi zilikuwa zimekwishaliwa na muuzaji, na Mzee hakuambiwa. Ile barua ambayo Mzee aliniomba niandike, ningeiandika, ingemweka Mzee mwenyewe kwenye kosa.

Hapa niseme ninaloliamini juu ya suala la kuweka wazi. Marekani majimbo mengi humtaka anayeuza nyumba ajaze fomu ya kueleza kasoro anazozijua: paa linalovuja, mafuriko, mgogoro wa mpaka. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 lazima mnunuzi aelezwe habari ya rangi yenye madini ya risasi, hiyo ni sheria ya nchi nzima. Kwetu, mtu akimuuzia mwenzake kibanja au kiwanja, hakuna fomu ya namna hiyo anayolazimika kuijaza. Mzigo wa kuuliza uko kwa mnunuzi. Mahakama ya Rufaa ya Uganda, katika shauri la Sir John Bageire dhidi ya Ausi Matovu, ilisema jambo ambalo mawakili wetu wanalirudia kila wiki: ardhi si mboga za kununua kwa muuzaji usiyemjua, ni mali ya thamani, na mnunuzi anatarajiwa kuchunguza ardhi yenyewe na pia mwenye kuiuza. Naikubali hukumu hiyo. Lakini nimekaa kwenye kiti hiki muda wa kutosha kuona kwamba mtu anayesoma lugha isiyo yake hawezi kuuliza juu ya neno analodhani analijua. Mzee alichunguza sana. Alichunguza kiwanja.

Kwa hiyo ofisini kwetu tumeanza kufanya kitu kidogo ambacho hakikatazwi na sheria yoyote. Kabla ya arbuni kulipwa, muuzaji anajaza na kutia saini karatasi moja, kwa lugha mbili, ya kauli zake mwenyewe. Anaeleza anachouza ni hati, ni kibanja, au ni miaka iliyobaki ya lizi. Anamtaja mwenye hati na kusema mara ya mwisho alimlipa busuulu lini. Anaandika jina la mke au mume, naye mke au mume anatia saini yake pembeni. Anataja kila anayelala, anayelima au aliyezikwa pale, maana makaburi ya familia ni jambo ambalo hakuna utafutaji wa daftarini utakaokuonyesha. Anasema kama amepokea kodi ya mbele kutoka kwa mpangaji yeyote. Wengine hukataa kujaza. Tunamwambia mnunuzi kwamba kukataa huko nako ni habari.

Neno moja kwa wasomaji ambao si raia wa Uganda, kwa kuwa Wakongo, Wakenya na Watanzania wengi hupita kwetu. Nyinyi hamwezi kumiliki mailo wala friholdi. Mnachoweza kupata ni lizi, isiyozidi miaka 99, na ya miaka mitano au zaidi lazima iandikishwe. Dalali akikuahidi hati ya mailo kwa jina la shemeji yako ili "mpite katikati", jua kwamba mwenye mali atakuwa shemeji.

Suluhu ilichukua wiki saba. Wakili alishauri tusikimbilie mahakamani, kwa kuwa pande zote zilikuwa na cha kupoteza na Hajati alikuwa amefungua mlango. Kijana aliandika barua rasmi ya kumpa Hajati nafasi ya kwanza, naye akajibu kwa maandishi kwamba hanunui na anaridhia kipande kiuzwe kwa Mzee. Muuzaji akalipa busuulu ya nyuma. Mzee akapeleka kanzu ya fedha, na kwa hiari yake akapeleka pia ile nyeupe ya darizi, ambayo Hajati aliipokea kwa ajili ya mwanawe.

Migomba ilibaki kwa mama. Eneo likapungua kutoka futi 50 kwa 100 hadi 50 kwa 80, kama desimali tisa. Bei nayo tukaiangalia upya, kwa sababu milioni 38 ilikuwa bei ya eneo lenye hati, na kibanja hakiuzwi bei hiyo. Walikubaliana milioni 26, na laki sita za fundi zikatolewa humo. Salio lililobaki lilihesabiwa mezani mbele ya mke na mume wote wawili, na mke ndiye aliyezifunga kwenye khanga. Dalali hakurudi, na simu yake haipatikani.

Mkataba wa zamani ulichanwa, ukaandikwa mpya kwa Kiganda na Kiswahili, kila kifungu kikitazamana na mwenzake. Ndani yake Hajati ameahidi kumkatia Mzee hati yake atakapokuwa tayari, kwa bei iliyotajwa humo humo. Siku hiyo itataka mpimaji wa kutenganisha desimali tisa na hati mama, fomu za ridhaa na za kuhamisha, mthamini wa serikali, na ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 ya thamani. Mzee anaweka akiba kwa ajili hiyo. Mpaka ifike, yeye ni mtu wa kibanja, na anajua maana yake.

Fundi cherehani bado yuko. Miezi yake sita iliisha, akamlipa Mzee kodi ya kwanza, na safari hii Mzee alimwandikia risiti ingawa kiasi hakikulazimisha maandishi. Chumba cha pili kimefika kwenye linta. Risiti ya busuulu ya mwaka huu, yenye jina lake, ameiweka kwenye ile pochi ya plastiki aliyokuwa akiwekea kadi ya lori.

Nilipokwenda kumwona mwezi uliopita alinionyesha mkataba. Kila mahali palipoandikwa kibanja, upande wa Kiswahili na upande wa Kiganda, amepigia mstari chini ya herufi b kwa kalamu nyekundu.